Mzizi wa konjaki na nyuzinyuzi zake: je, unamfaa mzee mwenye kisukari?

Binti_wa_Mwisho ameuliza:

Ndugu zangu, ninaomba msaada wa mawazo kutoka kwa wenye ujuzi wa lishe na wa dawa. Baba yangu ana umri wa miaka 68. Anaishi na kisukari cha aina ya pili kwa zaidi ya miaka kumi, anatumia vidonge vya glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari, kila siku, na vipimo vyake vya mwisho vimeonyesha kwamba lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu imepanda. Pamoja na hayo, choo chake ni cha shida. Hupita siku tatu au nne bila kwenda haja kubwa, na siku anapokwenda hutaabika sana.

Wiki iliyopita jamaa yetu mmoja alimletea zawadi ya vitu viwili vinavyotokana na mmea uitwao konjaki. Cha kwanza ni pakiti za tambi nyeupe, zinazoteleza, zilizohifadhiwa ndani ya maji. Cha pili ni chupa ya vidonge vya unga wa mzizi huohuo, ambavyo tumeambiwa ameze kabla ya kila mlo. Kwa maelezo ya jamaa yetu, mzizi huu una nyuzinyuzi nyingi kuliko chakula kingine chochote, unashusha sukari, unashusha lehemu, unapunguza unene na unafungua choo. Nilipousikia wema wote huo ukisemwa juu ya kitu kimoja niliingiwa na wasiwasi, lakini sitaki kumnyima baba yangu kitu chenye manufaa kwa sababu tu ya hofu yangu.

Ninachotaka kujua ni hiki: kati ya hayo yanayosemwa, lipi lina ushahidi na lipi limetiwa chumvi? Je, tambi na vidonge ni kitu kimoja chenye sura mbili, au vina tofauti mwilini? Tena, je, vinapatana na dawa zake?

Niongeze jambo moja ambalo huenda halihusiani. Miaka miwili iliyopita baba alipata kiharusi chepesi. Alipona vizuri, isipokuwa mpaka leo humeza polepole, na maji matupu humpalia mara kwa mara.

Lishe_Kwanza amejibu:

Dada, ninafanya kazi ya ushauri wa lishe, na ninaomba nianzie mwisho wa ujumbe wako, kwa sababu jambo ulilodhani halihusiani ndilo linalotangulia mengine yote. Mtu anayepaliwa na maji hapaswi kupewa vidonge vya konjaki, wala unga wake uliokorogwa kwenye kinywaji. Tafadhali iweke chupa hiyo mbali na baba leo hii, kabla hujaendelea kusoma.

Sababu yake imo katika kitu kilekile kinachouletea mzizi huu sifa. Konjaki ni mmea wa Asia ya Mashariki, wa ukoo mmoja na magimbi, na sehemu inayotumika ni kiazi chake kikubwa kilichomo ardhini. Kiazi hicho kikikaushwa na kusagwa, sehemu kubwa ya unga unaopatikana ni nyuzinyuzi ziitwazo glukomanani, yaani mnyororo mrefu wa sukari mbili, glukosi na manosi, zilizofungamana kwa namna ambayo vimeng'enya vya tumbo letu haviwezi kuzikata. Glukomanani hunywa maji kwa wingi ambao ni vigumu kuusadiki usipouona. Hufyonza hadi mara 50 ya uzito wake na kugeuka ute mzito unaonata. Ute huo ukifanyika tumboni, una faida. Ukifanyika kooni au ndani ya umio, yaani njia ya chakula kuelekea tumboni, kwa sababu kidonge kimekwama njiani au maji hayakutosha, unaziba njia, na mzee ambaye misuli yake ya kumeza imelegea hana nguvu ya kuusukuma.

Hatari hii imeandikwa katika sheria za nchi kadhaa. Australia iliviondoa sokoni vidonge vya glukomanani katika miaka ya 1980 baada ya watu kuzibwa umio. Mwaka 2010 Wizara ya Afya ya Kanada ilitoa tahadhari kwamba unga, vidonge na kapsuli za aina hii vimezwe kwa maji yasiyopungua mililita 250, na visimezwe mtu anapokaribia kulala. Umoja wa Ulaya unaruhusu watengenezaji kutaja faida za glukomanani, lakini kwa sharti kwamba wawaonye watu wenye shida ya kumeza. Halafu ziko zile jeli za konjaki za vikombe vidogo, ambazo mtu huzifyonza mdomoni kwa mkupuo. Zimewaua watoto na wazee kwa kuwakaba, nchini Japani na kwingineko, hata Marekani ikatoa onyo mwaka 2001 na Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku mwaka 2003. Ninayasema haya kwa msisitizo kwa sababu wauzaji husema neno «asilia» kana kwamba ni hati ya usalama.

Sasa nije kwenye swali lako la ushahidi, ambalo nalo linastahili jibu kamili.

Lenye ushahidi mzuri zaidi ni lehemu. Ule ute wa glukomanani ukifika kwenye utumbo mwembamba huinasa sehemu ya asidi za nyongo na kutoka nazo, ambazo kwa kawaida zingefyonzwa tena na kurudi kwenye ini. Ini likikosa kurudishiwa nyongo yake hulazimika kutengeneza nyingine, na malighafi ya kutengenezea ni lehemu, ambayo huichota kwenye damu. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya majaribio 12, uliona kwamba takribani gramu 3 za glukomanani kwa siku zilishusha lehemu mbaya kwa kadiri ya asilimia 10. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika maoni yake ya mwaka 2010, ilikubali kwamba gramu 4 kwa siku husaidia kudumisha kiwango cha kawaida cha lehemu. Asilimia 10 ni nafuu ya kweli, lakini haifikii kazi ya dawa za kushusha lehemu ambazo daktari huandika, na mgonjwa wa kisukari mwenye umri wa baba yako ambaye tayari amepata kiharusi anahitaji kujadiliana na daktari kuhusu dawa hizo kwanza.

Kuhusu sukari, utaratibu wake ni rahisi kuuelewa: chakula kilichochanganyika na ute mzito hutoka tumboni polepole, na glukosi iliyomo hufyonzwa kwa mwendo wa taratibu, hivyo sukari ya damu haipandi ghafla baada ya kula. Uchambuzi wa mwaka 2008 uliojumuisha majaribio 14 uliona pia kushuka kidogo kwa sukari ya asubuhi kabla ya kula. Shinikizo la damu halikubadilika.

Kuhusu choo, majaribio yaliyopo ni madogo, ya watu wachache kwa wiki chache, na kwa watoto majibu yamepishana. Hata hivyo, inaeleweka kwa nini wengine huona nafuu. Ute huo hauvunjwi mpaka ufike kwenye utumbo mpana, ambako bakteria wema huula na kutoa asidi fupi za mafuta, kama asetati na butirati, ambazo huzilisha seli za ukuta wa utumbo. Maji yaliyoshikwa hulainisha kinyesi. Lakini kama mtu hanywi maji ya kutosha, na mzee anayepaliwa huyaogopa maji, nyuzinyuzi hizo hizo zinaweza kukifanya choo kiwe kigumu zaidi.

Limebaki lile dai la «nyuzinyuzi nyingi kuliko chakula chochote». Kwa unga mkavu linakaribia ukweli. Si kweli kwa tambi zilizomo sahanini. Geuza pakiti usome: tambi za konjaki ni maji kwa takribani asilimia 97, na gramu 100 zake huwa na nyuzinyuzi gramu 3 hivi. Maharage yaliyochemshwa, kwa uzito huohuo, huzidi mara mbili ya hapo, tena yakiwa na protini, madini ya chuma na potasiamu, ambavyo tambi hizo huwa navyo kidogo mno. Ndiyo maana mimi huziweka tambi za konjaki katika fungu la vyakula vya kupunguza wanga kwenye sahani, wala sizihesabu kuwa lishe. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, linapendekeza angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kwa mtu mzima, na linasema wazi kwamba zitoke katika vyakula kwa asili yake, yaani mboga, matunda, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa.

Mfamasia_Mstaafu amejibu:

Binti yangu, pole kwa uuguzi. Mwenzangu amelieleza suala la kumeza vizuri, nami nitajikita kwenye dawa, maana uliuliza kama vinapatana.

Glibenklamidi humezwa pamoja na mlo, aghalabu ule wa kwanza wa siku. Vidonge vya konjaki navyo huelekezwa vimezwe kabla ya mlo. Maana yake ni kwamba vyote viwili vitakutana tumboni kwa wakati mmoja, na huo ndio mkutano tusioutaka, kwa kuwa ute wa glukomanani huifunika dawa na kuizuia isifyonzwe ipasavyo. Kwa glibenklamidi hasa jambo hilo limewahi kupimwa na likaonekana kwamba kiwango cha dawa katika damu hupungua. Ndiyo sababu hushauriwa kwamba dawa yoyote ya kumeza itangulie glukomanani kwa saa moja, au iifuate baada ya saa nne. Kwa mtu mwenye dawa nyingi, ratiba ya namna hiyo ni ngumu kuifuata bila kukosea.

Lakini kuna upande wa pili, ambao naona hatari yake ni kubwa zaidi na watu hawauzungumzi. Glibenklamidi hukilazimisha kongosho kutoa insulini, awe mgonjwa amekula wanga au hakula. Sasa mchukulie mzee aliyemeza dawa yake asubuhi, kisha mchana akaletewa sahani kubwa ya tambi za konjaki badala ya chakula alichozoea. Ameshiba, tumbo limejaa, anajisikia vizuri. Lakini sahani ile haina wanga wa kumeng'enywa, na insulini imekwisha kutolewa. Sukari itashuka. Kwa wazee dawa hii inajulikana kwa kushusha sukari kwa muda mrefu, na madaktari wengi siku hizi huikwepa kwa watu waliopita miaka 65 kwa sababu hiyohiyo. Ukimwona baba anatoka jasho la baridi, anatetemeka, anazungumza ovyo au anasinzia wakati usio wake, mpime sukari mara moja. Na kwa kuwa maji humpalia, asimiminiwe kinywaji mdomoni akiwa hajitambui sawasawa. Mwiteni mhudumu wa afya.

Kwa hiyo, akibadilisha chakula kwa kiasi kikubwa, daktari lazima ajue kabla, ili aipunguze dawa au aibadilishe. Msiipunguze wenyewe.

Neno moja kuhusu choo. Siku tatu au nne bila choo kwa mtu mwenye kisukari cha muda mrefu huenda kunatokana na mishipa ya fahamu ya utumbo kuathirika, au na dawa nyingine anazotumia, au na kunywa maji machache kwa kuogopa kupaliwa. Kila sababu ina tiba yake. Kama hali hii imeanza karibuni, au kuna damu, au amekonda bila sababu, apimwe kwanza kabla ya kuongezewa nyuzinyuzi za aina yoyote, kwa sababu utumbo uliobanwa mahali fulani haufai kuongezewa kitu kinachovimba.

Jikoni_Kila_Siku amejibu:

Mimi si mtaalamu wa tiba, lakini nimepika vyakula vya konjaki kwa miaka minne tangu mume wangu alipoambiwa apunguze wanga, na ningependa kueleza tambi hizo ni kitu gani hasa, kwa kuwa watu wengi huzionja mara moja wakazitupa.

Wajapani huita tambi hizi shirataki, na ule mkate wake mzito, unaokatwa vipande kama jibini, huuita konnyaku. Vyote hutengenezwa kwa namna moja: unga wa konjaki hukorogwa kwenye maji mpaka uwe mzito, kisha hutiwa maji ya chokaa, na hapo ule ute hushikamana ukawa kitu kigumu kinachonesa, ambacho hata ukikichemsha hakiyeyuki tena. Chokaa hiyo ndiyo yenye kazi kubwa, na ndiyo pia sababu ya ile harufu ya samaki inayokupokea unapofungua pakiti. Harufu hiyo si dalili ya kuoza. Mwaga maji ya pakiti, suuza tambi kwenye maji yanayotiririka, zichemshe kwa dakika mbili au tatu, kisha uzikaushe kwenye kikaango kikavu, bila mafuta, mpaka ziache kutoa mvuke na uzisikie zikilia. Hatua hii ya kukausha ndiyo wengi huiruka, halafu wakalalamika kwamba mchuzi umekuwa maji.

Zenyewe hazina ladha, wala hazinyonyi ladha upesi, hivyo mchuzi lazima uwe mzito na uliokolea viungo. Usizigandishe kwenye friji. Zikiganda hutoka maji na kubaki kama mpira. Na usikubali kudanganywa na mtu anayeuza kiazi kibichi cha konjaki kwa kuliwa hivyohivyo, kwa sababu kina fuwele za oksaleti ya kalsiamu, kama magimbi mabichi, nazo huwasha na kuchoma mdomo na koo. Kazi kubwa ya kukisafisha ndiyo iliyokifanya kiazi hiki kuwa chakula. Wakulima wa mkoa wa Gunma, ambao hutoa zaidi ya asilimia 90 ya konjaki ya Japani, hukiotesha kiazi, hukichimba, hukihifadhi wakati wa baridi na kukipanda tena, na hupita takribani miaka mitatu kabla hakijawa tayari kusagwa. Ninaposikia watu wanakiita «chakula cha ajabu» kilichogunduliwa juzi, huwa nawakumbuka wakulima hao.

Nyumbani kwetu tulianza kwa nusu pakiti, mara mbili kwa wiki. Siku tuliyokula pakiti nzima kila mmoja, usiku ule tulijaa gesi na tumbo likanguruma mpaka alfajiri. Sasa huchanganya nusu ya tambi za konjaki na nusu ya tambi za kawaida, pamoja na mboga nyingi na kitu chenye protini. Mume wangu hukata tambi zake fupi na kuzitafuna sana, maana ni nyororo lakini ni ngumu kukatika, na mtu akizimeza ndefu bila kutafuna zinaweza kufungamana tumboni zikawa donge. Hilo limewahi kuwapata watu hadi likawaziba utumbo.

Kipimo_na_Mizani amejibu:

Naongeza kuhusu unene peke yake, kwa kuwa wengine wametosheleza mengine. Ile mamlaka ya Ulaya iliyotajwa juu ilikubali pia kwamba glukomanani husaidia kupunguza uzito, lakini masharti yake hayasomwi: gramu 3 kwa siku, zigawanywe gramu moja kabla ya kila mlo pamoja na glasi moja au mbili za maji, na mtu awe tayari amepunguza chakula. Katika ule uchambuzi wa mwaka 2008, tofauti ya uzito iliyopatikana haikufika kilo moja. Jaribio la mwaka 2013 nchini Marekani liliwapa watu wazima 53 wenye uzito uliozidi glukomanani au kidonge kisicho na kitu, karibu gramu 4 kwa siku kwa wiki 8, bila kuwataka wabadilishe chakula, na mwishoni hapakuwa na tofauti kati ya makundi hayo mawili. Kwangu mimi hilo linatosha kueleza kwamba kinachopunguza uzito ni kile kilichopunguzwa sahanini. Konjaki humsaidia mtu kuvumilia upungufu huo kwa kumshibisha, na bila upungufu haina cha kufanya.

Kwa mzee wa miaka 68 ambaye humeza kwa shida, mimi hata sioni kwa nini tuzungumze juu ya kumkondesha. Wazee wengi wa namna hiyo hula kidogo kuliko mahitaji yao, na chakula kinachojaza tumbo bila kulisha kinaweza kumpokonya nafasi ya chakula anachokihitaji.

Binti_wa_Mwisho ameandika:

Ndugu zangu, nimesoma kila neno mara mbili, na mikono yangu ilitetemeka nilipofika mahali pa kuzibwa umio, kwa sababu baba alikuwa ameshameza vidonge hivyo siku mbili, kimoja kimoja, kwa maji ya kikombe cha chai. Nimeiondoa chupa. Nimeangalia maandishi yake kwa makini na nimekuta onyo la kumeza limeandikwa, kwa herufi ndogo, upande wa nyuma, mahali ambapo mzee asiyeona vizuri hawezi kulisoma.

Nimepata miadi ya daktari Jumatano. Nina maswali mawili ya mwisho. Baba amezipenda zile tambi na anauliza kama ninaweza kuzisaga au kuzikatakata ili ale bila taabu; je, inafaa? Na mimi mwenyewe, nina miaka 34, sina ugonjwa wala dawa ninayotumia, je, ninaweza kuzila hizo pakiti zilizobaki?

Lishe_Kwanza amejibu:

Kwa baba, ninaomba msubiri mpaka apimwe namna anavyomeza. Baadhi ya hospitali zina mtaalamu wa matamshi na umezaji ambaye hufanya kipimo hicho, na daktari anaweza kuwaelekeza kwake. Kukatakata kunaonekana kuwa suluhisho, lakini vipande vidogo vya konjaki ni viteleze, havishikamani mdomoni, na hutawanyika kabla mtu hajawa tayari kumeza. Kwa mtu aliyepata kiharusi, chakula cha namna hiyo ndicho kinachoponyoka na kuelekea kwenye njia ya hewa. Wala usijaribu kutumia unga wa konjaki kuyafanya maji yake yawe mazito. Kuna bidhaa maalumu za kazi hiyo ambazo uzito wake hupimika, ilhali unga wa konjaki huendelea kuvimba kwa muda mrefu baada ya kukorogwa, kwa hiyo kikombe kilichokuwa sawa unapomkabidhi huwa kimebadilika kabla hajakimaliza.

Wakati mnasubiri, nyuzinyuzi anaweza kuzipata katika vyakula laini vinavyoshikamana: maharage au dengu zilizochemshwa zikapondwa na kuchujwa maganda magumu, mboga zilizoiva vizuri na kusagwa, na uji wa oti au wa shayiri. Uji huo naupendelea kwa sababu oti na shayiri zina nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo hufanya ute tumboni na kuinasa nyongo kwa utaratibu uleule nilioueleza, na gramu 3 zake kwa siku zinatambuliwa kuwa hushusha lehemu. Una wanga, kwa hiyo upimwe na uhesabiwe katika mlo wake, lakini kwa dawa anayotumia hilo lina usalama kuliko sahani isiyo na wanga hata chembe. Ongezeni kidogokidogo, kwa wiki kadhaa, pamoja na vinywaji vya uzito atakaoelekezwa.

Kwa upande wako, kula bila wasiwasi. Anza na nusu pakiti, tafuna, kunywa maji, na uweke mboga na protini juu yake. Ukiwahi kuanza kutumia dawa ya kumeza, kumbuka zile saa alizozitaja mfamasia.

Mfamasia_Mstaafu amejibu:

Binti yangu, Jumatano nenda na chupa hiyo ya vidonge, usiitupe kabla, na uweke ndani ya mfuko mmoja dawa zote za baba, hata zile za maumivu na za kikohozi mlizonunua bila cheti. Mweleze daktari zile siku mbili alizomeza, na sukari yake ilisomekaje siku hizo kama mlipima. Kabla ya hapo, akisikia kitu kimekwama kifuani, akashindwa kumeza hata mate, au akatapika akiwa na maumivu ya tumbo, msisubiri Jumatano. Mpelekeni usiku huohuo.

Binti_wa_Mwisho ameandika:

Shikamoo mzee, na asanteni nyote. Mpaka sasa anameza mate na chakula chake kama kawaida, na hana maumivu popote. Sukari ya jana asubuhi ilikuwa 6.1, ya leo 5.8, nimeziandika zote mbili kwenye karatasi nitakayokwenda nayo. Nitarudi Jumatano jioni kuwaeleza daktari amesemaje kuhusu glibenklamidi na kipimo cha kumeza.